Deni la Harufu

Iko hadithi moja ya Abunuwasi ambayo wengi wetu tuliisikia tukiwa watoto, kabla hatujajua kwamba ndani yake kuna kesi. Maskini anaishi jirani na tajiri. Kila tajiri anapopika nyama, maskini anakaa na chakula chake kikavu, anavuta harufu inayotoka ng'ambo, anakula. Siku moja anakutana na tajiri na kumshukuru: bwana, harufu ya nyama yako imenifaa sana. Tajiri anakasirika. Kumbe kuna mtu anafaidi mali yake bure! Anamshitaki na kudai alipwe. Maskini hana kitu, anamkimbilia Abunuwasi, na Abunuwasi anaimaliza kesi kwa namna yake. Anaziangusha fedha chini mbele ya watu, anamwuliza tajiri kama amesikia mlio. Amesikia. Basi umelipwa, anaambiwa. Yeye alinusa, wewe umesikia, hakuna anayemdai mwenzake.

Tunacheka, na tuna haki ya kucheka. Ila kila nikiikumbuka hadithi hii siku hizi naona kwamba Abunuwasi, pamoja na ujanja wake wote, alilijibu swali la tajiri tu. Tajiri aliuliza pua ina deni gani kwa sufuria. Hakuna hata mmoja pale barazani aliyeligeuza swali: na sufuria je, ina deni gani kwa pua? Mtu akipika chakula kizuri nyumbani kwake, kwa fedha yake, na harufu ikavuka ua mpaka kwa jirani anayekula maharage kwa siku ya tano mfululizo, je, kuna kitu anachodaiwa?

Nataka kuliuliza swali hilo kwa chakula ninachokijua, ambacho ni pilau, na kwa mahali ninapopajua, yaani Ngara na Biharamulo.

Kwa nini pilau? Kwa sababu huku kwetu vyakula vya kila siku ni vipole. Ndizi na maharage, ugali wa muhogo, viazi vitamu. Vinachemka kimya kimya. Jirani anajua unapika kwa sababu anaona moshi, lakini moshi haumwambii zaidi ya hapo. Pilau haina siri. Unachemsha nyama kwanza pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, na kama ni ng'ombe wa kienyeji unakaa nayo jikoni muda mrefu kweli mpaka ilainike, supu yake unaitunza. Kisha unakaanga vitunguu maji katika mafuta, vingi kuliko unavyodhani vinahitajika, mpaka vigeuke kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Halafu unatia bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kwa yule ambaye hakutaka watu wajue. Viungo hivi vimebeba mafuta yao ndani, na vikikutana na mafuta ya moto vinayaachia, yanapanda na mvuke, yanatoka mlangoni. Kabla mchele haujaingia sufuriani, mtaa mzima umeshapata taarifa. Unatia nyama, mchele, supu ikiwa ya moto, na maji yakikauka unafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Makaa yale ya juu yanaivisha wali, lakini harufu yalishaipoteza zamani.

Kwa familia nyingi za huku pilau ni chakula cha Krismasi, Pasaka, Idi, harusi, kipaimara, na siku mgeni mkubwa anapofika. Kuna nyumba inapikwa kila Jumapili na kuna nyumba inapikwa mara moja kwa mwaka, na nyumba hizo mbili zinaweza kuwa zimegusana kuta. Katika nyumba za kupanga za Biharamulo mjini, au pale Benaco, vyumba sita vinatazamana na koridori moja, na majiko sita ya mkaa yamepangwa barazani. Ukiinua kifuniko, unawainulia wote.

Jibu la kwanza la swali letu ni kwamba hakuna deni lolote. Silidharau jibu hili, kwa sababu walio wengi wanaishi nalo hata kama hawalisemi. Linakwenda hivi. Nyama nimeinunua kwa jasho langu, na mchele pia. Harufu haikumnyang'anya jirani kitu. Kabla sijapika alikuwa na maharage, na baada ya kupika bado anayo maharage yake. Inawezekanaje nidaiwe na mtu ambaye sikuchukua chake? Halafu, tukikubali deni la pilau, tutaishia wapi? Nikinunua viatu vipya, nitadaiwa na asiye na viatu? Mtoto wangu akifaulu, nitadaiwa na ambaye wa kwake ameshindwa? Wivu utageuka wakili wa kila mtu.

Hoja hii ina miguu miwili. Mguu mmoja ni neno "yangu": pilau ni yangu. Mguu wa pili ni kwamba jirani hakupoteza kitu. Tuanze na ule wa kwanza.

Pilau ni yangu kiasi gani? Mchele unaouzwa sokoni Ngara mara nyingi umepanda na malori kutoka Kahama, kwa barabara ile ya Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura, inayokwenda mpaka daraja la Rusumo. Karafuu ilipandwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ikiletwa kutoka visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, na waliopanda na kuchuma kwa miongo mingi walikuwa watumwa, wengi wao waliotolewa bara huku. Pilipili manga asili yake ni India, mdalasini Sri Lanka. Jina lenyewe lina ndugu zake Uajemi na India. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake wamewekewa kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Wazee wetu wanaonung'unika kwamba wali umekuja kuzifukuza ndizi mezani wangefurahi kusikia kwamba karibu miaka 700 iliyopita viwili hivyo vilikaa pamoja bila ugomvi. Mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba moja ya maelezo ya zamani kabisa tuliyonayo ya wali na nyama katika pwani hii ya Afrika ni maelezo ya chakula alichopewa mgeni.

Na hili si la kwetu peke yetu. Kule Peru wana wali wao na nyama wanaojivunia, mmojawapo ni wali kwa bata wa Chiclayo, kaskazini mwa nchi, ambao ni wa kijani kwa sababu ya majani mengi ya giligilani. Bata yule ni wa Amerika tangu kale. Mchele ulifika na Wahispania katika karne ya 16. Giligilani nayo ilikuja kwa meli. Kioevu cha kupikia kinaweza kuwa bia, au chicha, pombe ya mahindi ambayo watu wa Andes walikuwa wakiitengeneza kabla Mhispania hajajulikana, kama Kagera tunavyotengeneza rubisi yetu ya ndizi. Kuanzia mwaka 1849 waliletwa vibarua kutoka China, na leo wali wa kukaanga wa Kichina, wanaouita chaufa, umekuwa chakula cha Mperu yeyote. Hata ukoko wa chini ya sufuria, ule ambao watoto wetu wanaugombania, wao wana jina lake, concolón. Mperu anapopika wali wake nyumbani Jumapili, anapika mali za watu wengi ambao baadhi yao hawakupenda kuzitoa.

Kwa hiyo neno "yangu" ni jembamba kuliko linavyosikika. Nimenunua viungo, ni kweli. Lakini ujuzi wa kuviunganisha sikuununua popote. Niliupokea bure, kama wote walionitangulia.

Hata hivyo tusiharakishe. Kama nina deni kwa mkulima wa Kahama, au kwa mtumwa wa shamba la mikarafuu Pemba ambaye jina lake halikuandikwa, hilo halinifanyi nidaiwe na jirani yangu wa Ngara ambaye hana uhusiano wowote na karafuu. Historia ya chakula inaudhoofisha ubishi wa mwenye sufuria, basi. Haimpi jirani sahani. Ili jirani apate hoja, lazima tuutazame mguu wa pili: ni kweli hakupoteza kitu?

Nadhani si kweli, na hapa ndipo pilau inapoachana na viatu vipya. Viatu vyangu unaweza kuacha kuvitazama. Pua haifungwi, mtu lazima apumue. Na njaa si wazo, ni mwili. Maharage yaliyokuwa yanatosha saa tano asubuhi hayatoshi tena saa saba harufu ikishaingia. Zaidi ya hayo kuna watoto. Mtoto wa jirani atamwuliza mama yake, "Mama, na sisi tutapika lini?" Mama yule analazimika kujibu swali ambalo mimi ndiye niliyeliuliza. Atasema Krismasi, au baba akirudi, au nyamaza ule. Jibu lolote atakalotoa lina gharama, na gharama hiyo hakuipanga yeye. Kusema "sikuchukua kitu" ni kuhesabu vitu vinavyoshikika tu. Nimechukua utulivu wa mlo wake. Ni kitu kidogo, sikatai, lakini kilikuwa chake.

Mtu atasema: basi dawa ni rahisi, zuia harufu. Pika ndani kwa gesi, funga dirisha, au pika usiku watu wamelala. Harufu isipofika, hakuna aliyeumizwa, hakuna deni.

Ninafahamu kwamba watu wanafanya hivyo, na si wote wana nia moja. Yupo mwalimu aliyepata nusu kilo ya nyama, ana watoto wanne, na barazani kuna familia nyingine tano. Akigawa, hakuna atakayeonja. Anafunga mlango na kupika kimya, na siku hiyo hataki watoto wake wakale nje wakiwaringia wenzao. Mimi namwona mtu huyu kuwa ana adabu. Amejua kwamba harufu inaumiza, hana cha kutuliza maumivu, ameamua asiyasababishe. Yupo mwingine ambaye friji yake haikosi nyama, ua wake umejengwa kwa matofali mpaka juu, na alichokuwa anakikwepa ni kuombwa. Wote wawili wameficha harufu. Tunajua moyoni kwamba hawajafanya kitu kimoja.

Kwa hiyo inabidi tutenganishe madeni mawili. Liko deni dogo, la harufu yenyewe, na hilo ukificha vizuri linaisha. Liko deni kubwa zaidi, la ujirani, ambalo lilikuwepo kabla hujawasha jiko. Harufu ni kama ankara tu, inakukumbusha kwamba kuna mtu ng'ambo. Ukichana ankara ya maji hujalipa maji. Wa matofali amechana ankara. Mwalimu yeye hana uwezo wa kulipa mwezi huu, na anajua kwamba anadaiwa.

Deni kubwa linatoka wapi? Dini zetu mbili kubwa za huku zina jibu, na yanafanana kuliko tunavyodhani. Waislamu wanafundishwa kwamba Mtume alimwusia Abu Dharr, akipika mchuzi, auzidishe maji na awakumbuke majirani. Naipenda busara ya kijikoni iliyo katika usia huo. Hakuambiwa agawe nyama yote, aliambiwa aongeze maji. Wakristo wana mfano wa tajiri na Lazaro katika Injili ya Luka. Tajiri yule hashitakiwi kwa wizi wala kwa dhuluma. Kilichoandikwa juu yake ni kwamba alikula na kusherehekea kila siku, na kwamba langoni pake alikuwepo mtu. Kosa liko katika umbali ule mfupi kati ya meza na lango.

Lakini asiyeamini hata mojawapo naye anaishi barazani, kwa hiyo nijaribu kusema kwa lugha ya barazani. Siku mtoto wangu akipata homa usiku wa manane, nitakayemgongea mlango ni huyu wa chumba cha pili. Siku mwizi akiingia, atakayepiga kelele ni huyu. Nikifiwa, atakayeleta kuni kabla ndugu zangu hawajafika kutoka Karagwe au Kibondo ni huyu huyu. Ninaishi kila siku kwa mkopo wa msaada ambao bado sijauhitaji. Sijauandikia mkataba, lakini nautegemea. Sahani ya pilau ni njia mojawapo ya kuonyesha kwamba sijausahau.

Hapo inakuja hoja inayonitatiza kuliko zote. Je, sahani hiyo ni haki, au ni hongo?

Neno hongo lina historia katika ardhi hii hii. Mwaka 1861 msafara wa Speke na Grant, ukielekea Karagwe kwa Rumanika, ulipita Usui, nchi ya mtemi Suwarora, katika maeneo ambayo leo yamo Biharamulo na Ngara. Suwarora aliwadai hongo: vitambaa, shanga, waya. Speke aliandika habari hiyo kwa uchungu mwingi, kama mtu aliyeibiwa. Ila ukitazama kutoka upande wa wenyeji, hongo ilikuwa malipo ya heshima. Unapita na shehena ya mali katika nchi ya watu, unakunywa maji yao, unalala chini ya ulinzi wao, basi unaacha sehemu. Leo neno hilohilo linamaanisha rushwa. Sikumbuki neno jingine la Kiswahili lililosafiri umbali huo, kutoka fungu la mwenye nchi mpaka fedha ya chini ya meza.

Na sahani ya pilau inaweza kusafiri njia hiyo hiyo. Tuseme ukweli: wengine hupeleka sahani kwa sababu wanaogopa kijicho. Wengine wanataka jirani asiseme vibaya kwenye kikundi cha kina mama. Wengine wanapeleka ili ijulikane kwamba wamepika. Sahani ya namna hiyo inanunua kimya. Mpokeaji anaijua papo hapo, kwa jinsi ilivyojazwa wali mtupu na mfupa mmoja juu, na kwa jinsi ilivyoletwa baada ya wenye nyumba kushiba. Ndiyo maana wapo watu wenye dhiki wanaokataa kabisa chakula cha jirani, na nadhani tunakosea tukiwaita wenye kiburi. Wamekataa kununuliwa.

Tunatofautishaje basi? Mila imetuachia kipimo ambacho nakiona ni kizuri kuliko maelezo yangu. Sahani ya jirani hairudi tupu. Mtoto anafika mlangoni: "Shikamoo mama. Mama amenituma nikuletee." "Marahaba mwanangu, mwambie mama ahsante." Sahani inalala pale siku moja au mbili, na inaporudi ina kitu: maparachichi matatu, maharage mabichi, viazi, msimu wake ukifika hata senene. Thamani hailingani na wala hakuna anayepima. Aliyerudisha parachichi amesema kwamba yeye pia ni mtu wa kutoa, na mpikaji wa pilau akilipokea kwa mikono miwili amekubali kwamba naye ni mtu wa kupokea. Hongo haina sifa hiyo. Anayehonga hataki kurudishiwa chochote isipokuwa kimya. Kwa hiyo ukitaka kujua sahani yako ilikuwa nini, jiulize kama uko tayari kula kitakachorudi ndani yake.

Pilau ya biashara iko nje ya mjadala huu, na ni vizuri tuseme kwa nini. Pale Nyakanazi na Lusahunga, mama ntilie wanapika pilau kila siku kwa ajili ya madereva wa malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Harufu inavuka barabara na hakuna anayelaumu, maana harufu ile ni mwaliko. Inasema njoo, na inataja bei. Harufu ya nyumbani inasema kipo lakini si chako. Uzito wote wa swali letu uko katika sentensi hiyo.

Sasa nifike mahali pagumu. Jirani ni nani, na ni wangapi? Barazani ni familia tano, tunaweza kuhesabu. Lakini Ngara ni wilaya iliyowahi kuulizwa swali hili kwa sauti kuliko karibu mahali popote duniani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Walipiga kambi Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi, na kwa siku chache vilima vile vikawa mji mkubwa usio na choo, maji wala kuni za kutosha. Wenyeji walikuwa na migomba yao na mashamba yao ya maharage. Yupi katika hao robo milioni alikuwa jirani wa kupelekewa sahani?

Wapo waliogawa walichokuwa nacho, na kilikwisha. Baadaye mashirika yalileta mahindi, maharage na mafuta, na biashara ikazaliwa: ndizi na muhogo wa mwenyeji kwa mahindi na mafuta ya mkimbizi. Kuna uzuri wake katika jambo hilo, watu waliokaribia kuwa mzigo kwa wenzao wakawa wateja wa wenzao. Kulikuwa na mabaya pia: miti ilikatwa, wizi ukaongezeka, na uvumilivu ukaisha. Mwezi Desemba 1996 serikali ikawataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na wakarudishwa.

Kwa hiyo deni la ujirani lina mpaka, nao ni mpaka wa sufuria. Sufuria ya nyumbani haiwezi kulisha kambi, na anayejilaumu kwa hilo anajilaumu bure. Madeni ya ukubwa ule yanadaiwa kwa serikali, kwa mashirika, kwa dunia iliyotazama mauaji ya Rwanda kwenye televisheni. Lakini mpaka huo usigeuzwe kuwa kisingizio. Kwamba siwezi kulisha 250,000 haimaanishi siwezi kumlisha mmoja. Mtu anayesema "maskini ni wengi, nitaanza na nani?" mara nyingi anajua sana angeanza na nani. Harufu imeshamwonyesha.

Benaco iliacha swali jingine, zito zaidi. Miongoni mwa waliovuka daraja walikuwemo waliokuwa wameua. Walisimama foleni moja na wajane, wakapokea mahindi yale yale, na wengine wakatumia mgao huo kujijengea upya mamlaka juu ya watu wao kambini. Mwishoni mwa mwaka 1994 tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa katika kambi za Zaire na Tanzania kwa sababu hiyo: halikutaka msaada wake uwanenepeshe waliopanga mauaji ya kimbari. Je, jirani mwovu naye anadai sahani?

Nikiliwaza hili naona kuna tofauti kati ya ghala na sahani. Ghala ni nguvu. Anayelishika anaamua nani aishi, kwa hiyo anayejaza ghala lazima aulize funguo ziko kwa nani, na wale madaktari walikuwa na haki ya kuuliza. Sahani iliyofunikwa kitambaa haimpi mtu utawala. Inampa mlo mmoja. Jirani mlevi, jirani aliyenitukana wiki iliyopita kwa sababu ya kuku, jirani ambaye siasa zake siziwezi, harufu inawafikia wote bila kuchagua, na mtoto wa mlevi ana pua kama ya mtoto wa mchungaji. Kumhukumu mtu ni kazi, na ina mahali pake. Mahali hapo si jikoni. Ila nakiri kuwa nalisema hili nikiwaza mlevi na mgomvi. Aliyenusurika mauaji akiniambia kwamba hawezi kumpelekea sahani mtu aliyeua ndugu zake, sina hoja ya kumpa, na nisingeitafuta.

Limebaki swali la kiasi. Tukikubali kwamba kuna deni, ni la kiasi gani? Nusu ya sufuria? Tungekuwa hatupiki tena. Kijiko kimoja? Hilo ni tusi. Nadhani tunakosea tunapoitafuta hesabu hii mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa na watu wameshakaa mkekani. Wakati huo kila kijiko kinachotoka kinaonekana kimetolewa kinywani mwa mtu. Kinachobaki ndicho kinachopelekwa, na kinachobaki ni ukoko.

Hesabu yenyewe iko mapema zaidi, wakati wa kupima mchele. Kila mpishi anajua: vikombe vinahesabiwa kwa vichwa. Sisi ni watano, mgeni mmoja, basi vikombe vinne. Kumhesabu jirani hapo ni kikombe kimoja zaidi na supu kidogo, kama Abu Dharr na maji yake. Nyama haiongezeki, lakini pilau si nyama tu, na mwenye kupika anajua kuigawanya isionekane imepungua. Jirani aliyehesabiwa wakati mchele bado mkavu hali mabaki. Anakula fungu lake, hata kama ni dogo, na mtoto anayetumwa na sahani anatumwa kabla wenye nyumba hawajaanza. Huenda nusu ya heshima yote iko katika mpangilio huo wa saa.

Sisemi kwamba afanyaye hivi atakuwa mtu mwema. Kuna wema mwingi mkubwa kuliko pilau, na kuna wilaya ambako watu wanahitaji bei nzuri ya kahawa na dawa ya mnyauko wa migomba kuliko wanavyohitaji sahani ya jirani. Nasema tu kwamba harufu ikivuka ua imebeba habari, na aliyeituma hawezi kujifanya hakuituma.

Abunuwasi aliishinda kesi ya tajiri kwa mlio wa fedha, na kwa kesi ile hukumu ilikuwa ya haki. Ila maskini alirudi nyumbani na chakula chake kikavu, na kesho yake tajiri alipika tena. Kesi ikirudi barazani siku moja, ningependa fedha zibaki mfukoni. Ningependa tajiri aulizwe jambo moja tu: leo asubuhi, ulipokuwa unapima mchele, ulihesabu watu wangapi?